Siku, Saa na Mahali: Haki ya Kusikilizwa Inapoanzia



Karatasi ya wito aghalabu huwa fupi. Huwa na namba ya shauri, majina ya wahusika, jina la ofisi inayoita, na chini kabisa mistari miwili: siku na saa, kisha mahali. Mtu anapoipokea huisoma kwa wasiwasi, akitafuta nani amemlalamikia na kwa jambo gani. Mistari miwili ya mwisho huipitia mbio, kama mtu apitiavyo anuani iliyo juu ya bahasha. Katika somo la leo tunaomba mistari hiyo isomwe kwanza. Tumekusudia kueleza namna siku na mahali pa kusikiliza mashauri ya kiutawala vinavyopangwa, nani mwenye mamlaka ya kuvipanga, na mwananchi afanye nini pale siku au mahali alipopangiwa panapomzuia kufika. Hoja yetu ni moja, nayo tunaitaja mapema ili msomaji aipime tunapokwenda: anayepanga siku na mahali, kabla hajasikiliza neno hata moja, ameshaamua kwa sehemu kubwa nani atakayesikika.

Mifano yetu mingi tumeichukua Mzinga, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Msomaji wa visiwani huenda akauliza kwa nini somo livuke bahari na kupanda milima. Sababu ya kwanza ni ya kawaida: mwandishi wa ukurasa huu aliwahi kupelekwa Mzumbe kwa masomo ya utawala, na njia za huko si ngeni kwake. Mzumbe yenyewe ina historia katika jambo hili. Mwaka 1953 Serikali ya kikoloni ilianzisha hapo skuli ya serikali za mitaa, wakafundishwa machifu, makarani na mahakimu wa mabaraza ya wenyeji. Leo ni Chuo Kikuu, tangu 2001. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Mambo ambayo hapa kwetu huonekana madogo kwa kuwa masafa ni mafupi, kule mlima huyakuza mpaka mtu hawezi kuyakosa kuyaona.

Jina Mzinga wengi hulijua kwa ajili ya Shirika la Mzinga, kiwanda cha Jeshi la Wananchi. Lakini Mzinga ni mto pia, mmoja wa mito inayoteremka kutoka Uluguru na kumwaga maji yake katika Bwawa la Mindu, ambalo ndilo chanzo kikubwa cha maji ya mji wa Morogoro. Mto Ngerengere hupita hapo, na maji yake hatimaye huungana na Ruvu, ambao hunywesha Dar es Salaam. Kwa hiyo mkulima alimaye bamia au mchicha kando ya Mto Mzinga anaishi juu ya bomba la watu wengi asiowajua, na ofisi nyingi zina neno naye. Akigombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, atakwenda Baraza la Kata. Shauri lisipokwisha hapo, litapanda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mjini Morogoro. Akitumia maji ya mto kwa kumwagilia, yumo katika mamlaka ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Shamba lake likiwa ndani ya mita 60 za mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inamhusu. Mwanawe akifukuzwa kazi kiwandani, shauri litakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Na bei ya maji ya bomba ikitaka kupandishwa, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji huitisha mkutano wa taftishi ili watumiaji watoe maoni.

Vyombo hivyo vyote si mahakama kwa maana ya kawaida, ila vinaamua haki za watu. Ndiyo maana Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, katika ibara ya 13(6)(a), haikutaja mahakama peke yake. Ilitaja pia chombo kingine chochote kinachohusika, na kumpa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa. Katiba ya Zanzibar ya 1984 ina sharti la namna hiyo hiyo katika kifungu cha 12. Katika shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts, lililoamuliwa 2003, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba kusikilizwa si kanuni ya hiari tuliyorithi kwa Waingereza. Kwetu ni haki ya Katiba, na uamuzi uliotolewa bila ya kuizingatia hausimami. Tuliangalie basi neno lile, kwa ukamilifu. Mtu aliyeitwa mahali asipoweza kufika, au siku asiyoweza kuwapo, amesikilizwa kwa ukamilifu gani?

Tuanze na mahali.

Kanuni ya kwanza, ambayo vyombo vingi huifuata kwa namna moja au nyingine, ni kwamba shauri hufuata jambo lilikotokea. Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi za 2007, zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 64, zinaelekeza kwamba mgogoro wa kazi usikilizwe katika ofisi ya Tume inayohusika na eneo ambako chanzo cha mgogoro kilitokea, isipokuwa Tume ielekeze vinginevyo. Maana yake ni kwamba mfanyakazi aliyefukuzwa Morogoro hasikilizwi Dar es Salaam kwa sababu tu makao makuu ya mwajiri wake yako huko. Ni sharti dogo kwa maandishi, lakini lau halikuwapo, mwajiri mwenye ofisi kumi angeweza kuchagua ile iliyo mbali zaidi na mlalamikaji, na ushindi wake ungekuwa nauli tu.

Katika ardhi, Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya 2002 ilijenga ngazi inayoanzia karibu na shamba lenyewe. Kijijini kuna Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake. Katani kuna Baraza la Kata, ambalo mawakili hawaruhusiwi kusimama mbele yake kwa kazi yao ya uwakili. Mzinga, kwa kuwa imo katika Manispaa, ina mitaa badala ya vijiji, na Baraza la Kata ndilo mlango wa kwanza. Lakini mlango huo ulibadilishwa mwaka 2021. Kabla ya hapo Baraza la Kata liliweza kutoa hukumu katika migogoro ya ardhi ya thamani ndogo. Kwa marekebisho ya mwaka huo mamlaka ya kuamua yaliondolewa, ikabaki kazi ya kusuluhisha. Baraza hupewa siku 30. Likishindwa hutoa hati ya kushindwa, na hata lisipotoa hati, siku hizo zikipita mwenye dai huweza kwenda Baraza la Wilaya.

Zipo sababu nzuri za mabadiliko hayo. Wajumbe wa kata wengi hawakusomea sheria, na hukumu zao zilikuwa zikitenguliwa mara kwa mara kwa makosa ya taratibu. Hata hivyo ni vyema kusema wazi kilichobadilika: mahali pa hukumu pamehama. Uamuzi uliokuwa ukitolewa ndani ya mwendo wa miguu sasa hutolewa mjini. Kwa mwenye duka Morogoro tofauti hiyo haionekani. Kwa mama wa Kiluguru anayekaa juu mlimani, anayeshuka alfajiri na mzigo wa ndizi kichwani, tofauti ni siku nzima ya kazi kwa kila tarehe inayotajwa, na shauri la ardhi halimalizwi kwa tarehe moja. Tena mama huyo si mhusika wa pembeni. Waluguru hufuata ukoo wa upande wa mama, na mashamba mengi ya milimani kwa mila yamepita katika mikono ya wanawake na ndugu zao. Katika kabila ambalo ardhi hupitia kwa mama, mahali pasipofikika na mama ni mahali pasipofikika na mwenye shamba.

Lipo jambo jingine kuhusu mahali ambalo wananchi wengi hawalijui. Baraza linaweza kutoka ofisini likaenda shambani kuangalia mpaka. Hili husaidia sana pale ambapo ramani hakuna, na alama ni mwembe, jiwe au mfereji. Anayeambiwa kwamba amelima ndani ya mita 60 za Mto Mzinga hawezi kujibu vizuri akiwa amekaa kwenye benchi mjini; jibu lake liko ukingoni mwa mto, kwa kamba ya kupimia. Lakini ziara hiyo nayo ni kusikiliza shauri. Mahakama ya Rufani, katika uamuzi wa 1980, iliweka wazi kwamba kutembelea eneo kufanywe pale inapolazimu tu, wahusika wote na mashahidi wawepo, yanayosemwa huko yaandikwe, kisha wakirejea yasomwe mbele ya wahusika ili wapate kuyasahihisha au kuyapinga. Mwenyekiti anayepita shambani peke yake jioni, akiongozwa na upande mmoja, hajatembelea eneo. Amesikiliza ushahidi mahali ambapo upande wa pili hakuitwa.

Uluguru ina kumbukumbu ya zamani ya maamuzi yaliyofanywa bila ya kuwasikiliza wenyewe mahali pao. Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru ulianza karibu na 1950. Ulipangwa na mabwana shamba wa kikoloni kwa nia ya kuzuia mmomonyoko, na watu wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Mabaraza yaliitishwa, ndiyo, lakini yaliitishwa ili amri itangazwe. Wakulima walikuwa na hoja yao: udongo wa miteremko ile ni mwembamba, na kuuchimba kwa ngazi hufukua udongo usiozaa na kuuweka juu. Hoja hiyo ilikuwa ya kitaalamu kabisa, na haikupata kikao. Julai 1955 ghasia zikazuka Matombo, upande wa mashariki wa milima, polisi wakatumia nguvu, na mpango ukafa.

Mfano mkubwa zaidi wa mahali na wakati uliokwenda kombo ni wa Wameru, kaskazini mwa nchi. Mwaka 1951 takriban watu 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Wameru walikuwa na haki ya kulalamika, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, lakini mahali pa kulalamika palikuwa New York. Walichanga fedha, na 1952 Kirilo Japhet akasafiri na kusimama mbele ya Baraza la Udhamini. Alisikilizwa kwa heshima. Wajumbe wengi walimwonea huruma. Hata hivyo azimio la kuwarudishia ardhi halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Tena wakati anasema, watu wake walikwisha kuondolewa, na mashamba yalikwisha gawanywa. Kikao kilifanyika baada ya jambo kutendeka, na maelfu ya maili kutoka lilipotendeka. Mtu akitaka kujua kwa nini wataalamu wa utawala wanasisitiza kwamba kusikiliza kutangulie kutenda, aisome habari ya Engare Nanyuki.

Kwa upande wa pili tunao mfano mwema, na unastahili kukumbukwa. Januari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi Tanzania Bara, chini ya uenyekiti wa Profesa Issa Shivji. Tume ile haikukaa Dar es Salaam kungoja barua. Ilizunguka mikoani, ikafanya mikutano ya hadhara zaidi ya 200, vijijini na mijini, watu wakasimama chini ya miti wakaeleza yaliyowapata, na taarifa ikakabidhiwa 1992. Serikali haikuyakubali yote yaliyopendekezwa. Lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba wenye mashamba hawakuulizwa, na sehemu kubwa ya tunayoyajua leo kuhusu migogoro ya ardhi ya miaka ile tunayajua kwa sababu Tume iliwafuata watu walipo.

Sasa tuje kwenye wakati.

Swali la kwanza ni la muda wa kujitayarisha. Mwongozo wa Utendaji Bora wa 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, unamtaka mwajiri anayemshitaki mfanyakazi kwa kosa la nidhamu amweleze tuhuma kwa lugha anayoielewa, na ampe muda wa kutosha kabla ya kikao. Muda huo hutegemea uzito wa jambo, ila kwa kawaida usipungue saa 48. Maofisa wengi huishika ile namba na kulisahau neno lililotangulia, muda wa kutosha. Barua ikitolewa Ijumaa saa 10 jioni kwa kikao cha Jumatatu saa 3 asubuhi, saa 65 zimepita, na kwa hesabu kanuni imetimizwa. Lakini masjala imefungwa Jumamosi na Jumapili, nyaraka hazipatikani, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi amekwenda kwao. Saa zipo, muda haupo. Mwandishi anakiri kwamba aliwahi kuona barua za namna hiyo zikiandikwa makusudi Ijumaa jioni, katika ofisi ambayo hatutaitaja, na aliyeziandika akijisifu kwa ujanja wake.

Swali la pili ni saa yenyewe. Hili wengine watalicheka, lakini limewapotezea watu haki. Sisi Waswahili tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, na karatasi za ofisi aghalabu huandikwa na mtu anayefikiri kwa saa ya Kiingereza. Ikiandikwa tu "9:00", bila neno jingine, karani amekusudia saa tatu asubuhi. Mzee aliyeipokea akasomewa na mjukuu wake anaelewa saa tisa alasiri. Anafika saa nane na nusu, akijihesabu amewahi, na kukuta shauri limekwisha sikilizwa upande mmoja tangu asubuhi. Dawa yake ni ya maneno mawili: iandikwe "saa 3:00 asubuhi", na tarehe iandikwe na jina la siku, Jumanne tarehe fulani. Anayesahau tarehe hasahau Jumanne.

Na afadhali tulitaje na hili la kuitwa watu wote kwa saa moja. Mashauri 20 hupangwa saa 3:00 asubuhi, na la ishirini husikilizwa saa nane mchana au huahirishwa. Mwandishi mwenyewe aliwahi kuitwa saa tatu na kusikilizwa karibu na alasiri. Alikuwa na mshahara wake na mkoba wenye kitabu, hakupata hasara. Mwuza mboga aliyekaa jirani yake kwenye benchi alikuwa na matenga mawili ya mchicha nje, juani.

Swali la tatu ni majira. Uluguru masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na upande wa mashariki wa milima mvua ni nyingi sana. Njia za miguu huwa utelezi mtupu, vijito hujaa, na pikipiki haziwezi kupanda. Ndiyo pia wakati wa kupalilia. Baraza linalojua mahali lilipo lisingepanga mfululizo wa mashauri ya milimani mwezi Aprili, kama vile lisingeyapanga siku ya gulio, wakati mtu anayeitwa na mashahidi wake wote wako sokoni kutafuta fedha ya wiki. Hakuna sheria iliyotaja gulio. Ndipo busara ya mwenyekiti inapohitajika, na karani aliyekulia mahali hapo ni hazina katika jambo hili kuliko kalenda yoyote ya ukutani.

Mkutano wa taftishi wa bei ya maji nao tuupime kwa kipimo hicho hicho. Ukiwekwa saa nne asubuhi, siku ya kazi, katika ukumbi wa mjini, watakaokuja ni wale ambao kuja kwao ni sehemu ya kazi yao: maofisa, wawakilishi wa taasisi, waandishi wa habari. Anayechota ndoo kwenye kioski, na ambaye bei itamuuma zaidi, wakati huo yuko kwenye ndoo. Mamlaka hupokea maoni ya maandishi pia, na hilo ni jema. Lakini mtu asiyezoea kuandika barua kwa ofisi anahitaji mkutano wa pili, jioni, karibu na kioski.

Msomaji wa visiwani atakuwa ameanza kuyaona ya kwetu ndani ya haya ya Mzinga. Sisi hatuna mlima wa kuteremka, tuna bahari. Anayeishi Pemba na kuitwa Unguja hupangiwa siku yake na boti kabla ya kupangiwa na baraza, na kusi likivuma kwa nguvu, hata boti haina ahadi. Hatuna masika ya kufunga njia za milimani, lakini tuna bamvua. Wanawake wa Paje, Bwejuu na Jambiani wanaolima mwani hufanya kazi yao maji yanapokauka sana, siku chache tu kila baada ya nusu ya mwezi. Kikao cha shehia kikiwekwa asubuhi ya bamvua, wanawake hao watakuwa kifuani mwa bahari wakifunga kamba, na kumbukumbu za kikao zitaandika kwamba wakulima wa mwani hawakuhudhuria. Sheha yeyote wa mashariki ya Unguja anaijua siku ya bamvua bila kuuliza. Ofisa aliye mjini ana wajibu wa kumuuliza yeye kabla ya kuandika tarehe. Ijumaa mchana na alasiri za Ramadhani hazihitaji maelezo kwetu, ila ni vyema kukumbuka kwamba bara pia wamo Waislamu wengi, na Morogoro ni miongoni mwa mahali walipo.

Sasa tuseme wito umekufikia, na siku hiyo huwezi kufika. Usikae kimya ukitumaini kwamba watakuelewa. Andika barua mara moja, kabla ya siku ya kikao, utaje namba ya shauri, sababu yako, na siku ambazo unaweza kuwapo. Sababu iwe na ushahidi wake: cheti cha daktari, tiketi, barua ya mwenyekiti wa mtaa au ya sheha. Upeleke nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Ikiwa mtu wa kuandika hukumpata, mtume mtu unayemwamini afike siku ile, asimame na kueleza udhuru wako. Kuahirisha ni hiari ya baraza, si haki ya moja kwa moja, lakini baraza linalokataa udhuru wa kweli ulioletwa kwa wakati linajipa kazi ya kujieleza mbele ya rufaa.

Ukiwa umekosa kufika, na shauri la ardhi limefutwa au limesikilizwa upande mmoja katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, bado mlango upo. Kanuni za Baraza hilo za 2003 zinakupa siku 30 kuomba amri hiyo itenguliwe, kwa kueleza sababu ya kutofika kwako. Siku hizo huhesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa. Hazikungoji usikie habari zake sokoni. Na katika mgogoro wa kufukuzwa kazi, siku za kufikisha lalamiko mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi nazo ni 30. Aliyechelewa huomba kibali cha kuchelewa kwanza, akieleza kila siku iliyopita ilikwenda wapi, na wengi hukwama hapo kwa sababu walijua jambo lao ila hawakuweka tarehe.

Kwa maofisa wenzetu wanaopanga vikao, tunawaomba jambo moja la kufanya kesho asubuhi. Chukueni nakala ya wito mmoja mliotoa wiki hii. Someni mistari ile miwili ya mwisho kama mtu aliyeipokea akiwa juu ya Mto Mzinga, au Kojani, bila gari na bila saa ya ukutani. Angalieni kama saa imeandikwa kwa asubuhi au jioni yake, kama jengo limetajwa kwa jina ambalo watu hulijua, kama siku ni ya gulio au ya bamvua, na kama nyuma ya karatasi ipo nafasi ambapo aliyepokea ametia sahihi yake na siku aliyoipokea. Nafasi hiyo ikiwa tupu, shauri lisiitwe. Litolewe wito mwingine.

Katika somo lijalo, Inshallah, tutaeleza namna kumbukumbu za kikao zinavyoandikwa na haki ya mhusika kupewa nakala yake.